Udongo wa Pembeni mwa Uwanja

Asubuhi moja ya Desemba 2007, Wamalwa alikuwa anapiga mluzi kwenye uwanja mmoja nje ya Nakuru. Alikuwa amemaliza kuunganisha rola kosta ya bosi wake, Rajinder, ile treni ya chuma inayopanda juu kisha kuzunguka kichwa chini, miguu juu. Ilikuwa ya mitumba, ya aina ambayo hata wenye kiwanda waliacha kuitengeneza zamani. Kwa nini waliacha, nani aulize? Sisi na vitu vya bei poa!

Kabla watu hawajapanda, kila kiti hujaribiwa kwa gunia la mchanga lenye uzito wa mtu. Mto ulikuwa mbali, kwa hiyo vibarua wakachimba udongo laini wa pembeni mwa uwanja. Jepkorir, mkewe Wamalwa, aliyekuwa amekuja na mtoto wao kutazama, akamvuta kando.

"Baba Natalie, hapo walizikwa watu wa shamba la mzungu. Wachana napo."

"Ni udongo tu, mama. Boss anafungua kesho."

Treni ikapanda, ikapinduka, ikarudi. Magunia yote yalikuwa matupu, midomo yake ingali imeshonwa. Chini ya reli hapakuwa na hata chembe ya udongo. Vibarua wakachukua makoti yao, wakaondoka bila kuaga.

"Yametoboka tu, bwana," Rajinder alisema. Yeye na Wamalwa wakaenda kukagua nguzo za nyuma.

Wakiwa huko, Wamalwa akasikia mnyororo ukivuta. Swichi alikuwa ameizima mwenyewe. Akageuka. Treni ilikuwa inapanda polepole, ikilalamika kama lori lililojaa. Kwenye kiti cha mbele alikaa Natalie, bintiye wa pekee. Viti vingine vilikuwa vitupu. Vyuma vya kushikilia abiria mabegani vilikuwa vimefungwa. Vyote.

Maskini Wamalwa! Alikimbia huku akiomba Mungu amchukue yeye. Treni ikapinduka. Hakusikia mtoto akilia. Alisikia watu wazima wakihema.

Ikasimama. Natalie alikuwa mzima, anatabasamu. Wamalwa akamnyakua.

"Nani alikufunga hiyo chuma?" akanong'ona.

"Huyu mama." Akaonyesha kiti kitupu kando yake. "Ameniuliza kwetu ni wapi."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia twende."

Rajinder hakufungua. Chuma chote kilikatwa kikauzwa. Wamalwa alihamisha familia Subukia, akidhani ameyaacha yale Nakuru. Mwaka mpya ulipoingia, Natalie akapata kikohozi, wakampeleka kliniki. Akapanda mizani peke yake, bila viatu. Nesi akatazama mshale. Akautazama tena.

"Mathe," alimwambia Jepkorir bila kuinua macho, "hebu huyo mwingine ashuke kwanza."

Wamalwa akashika mlango. Natalie akageuza shingo nyuma, kwa adabu.

"Shuka kidogo," akanong'ona. "Tunaenda nyumbani saa hii."

Mshale ukashuka.