Upanga wa Paya kwenye Geti la Busia

"Lori lisivuke!"

Nerima aliisimamisha pikipiki yake, Bajaj Boxer, mbele ya magurudumu na kuruka. Lori likapiga breki hatua tatu tu kutoka geti la mpaka wa Busia. Honi za foleni nzima zikamlaani.

Redio ikakoroma begani. Mkuu wake, Oguttu.

"Huyo ana karatasi zote. Una dakika tano."

"Nimesikia, afande."

Nerima, jasusi aliyelifuata lori hilo tangu Tororo, alipanda kwenye lori, akachomoa upanga nyuma ya kiti cha dereva. Ni wa mzee Omaido wa kijiji cha Paya. Babu yake alimpokonya afisa wa kikoloni aliyekuja kuchoma maghala ya wimbi. Uliibwa Jumapili, familia ikiwa kanisani. Upanga ukivuka mpaka, jioni uko kwenye ndege, basi tena.

Dereva, Ebong, alishuka akitabasamu.

"Dada, hii upanga si ya zamani. Ni pambo. Fundi ya kule Sikuda alitengeneza na springi ya hii lori yangu. Moja ilivunjika, ingine hiyo hapo chini." Akatoa tupa mfukoni. "Unabisha? Kwaruza uone."

"Haukwaruzwi."

Kovu jipya kwenye upanga ule, familia ilikuwa imesema, ni tusi kwa marehemu.

Nerima akatoa mkobani kitu chenye umbo la bastola.

Ebong akainua mikono. "Usiniue!"

"Inapiga eksirei tu, kaka. Inataja kilichomo ndani ya chuma, na haiachi hata alama."

Akajipenyeza chini ya lori, akaigusisha kwenye springi iliyobaki.

Kioo chake kikaonyesha kromiamu: asilimia sifuri nukta tisa.

Kisha upanga.

Kromiamu: hakuna.

Akarudia. Hakuna.

"Muda umeisha," Oguttu alisema. "Fungua geti."

"Sifungui."

"Nerima, ni amri!"

"Na huu ni ushahidi, afande. Springi yake ina kromiamu. Upanga hauna hata chembe. Vyuma hivi si ndugu wa tumbo moja. Amedanganya."

Redio ikakoroma tena.

"Mfunge."

Pingu zikalia. Ebong akatema mate. "Mtoto wa kike unanifunga mimi?"

"Tulia, zisikuumize."

Simu ya Ebong ikaita kwenye dashibodi. Nerima akapokea.

"Ebong, umevuka?" Lafudhi ya kigeni. "Ndege inangoja."

"Iambie iruke. Mwenye upanga yuko Paya. Kama unautaka, njoo umpokonye."

Akakata, akamkabidhi Ebong kwa askari wa geti, akaufunga upanga kwa leso yake, akapanda pikipiki na kugeuza kuelekea Paya. Foleni ikampisha.