Doa Lililoshika Rangi

Walikutana mlangoni pa lifti ya hospitali, watu wamebanana kama njugu. Bibie wa maabara alivaa koti jeupe na hereni za kijani. Mpima ardhi, aliyekuja kumjulia hali mfanyakazi mwenzake, alikuwa na shati la kaki na buti zenye tope, na macho yamemtoka.

"Unaumwa?" bibie akamuuliza.

"Bado. Nikikutazama zaidi, nitaumwa."

Bibie akacheka hadi lifti ikamwacha.

Mwaka mzima walipendana. Mwanamume akiwa porini kupima mipaka, simu hazikupoa.

"Daktari wa wadudu, umenikumbuka?"

"Nitakukumbukaje, mpenzi, na hunipi hata nafasi ya kukusahau?"

Kisha mwanamume akabadilika. Akawa mkali kwa vitu vidogo. Mchana mmoja alisinzia mkahawani, bibie amevaa gauni jipya na hajamaliza hata sentensi.

"Nimekuchosha, siyo? Usiku unalala kwa nani?"

"Usiku silali kabisa. Sijui nina nini."

"Mimi ninajua!" Akabeba mkoba wake. Wiki sita hakupokea simu za mwanamume.

Mwishowe dada wa mwanamume alipiga simu. "Wifi, hasira hasara. Njoo. Kaka hata kijiko hakimkai mkononi."

Damu ya mwanamume na maji ya uti wake wa mgongo vikaletwa mezani kwa bibie. Kwenye darubini, aina mbili za vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o, hufanana kama mapacha. Kinachovitenganisha ni kipande kifupi cha DNA kilichotiwa alama, ambacho hunata kwa DNA ya kimelea cha aina yake tu. Alijaribu kipande cha aina ya kwanza: kimya. Cha aina ya pili: doa likashika rangi. Hiyo ndiyo aina inayotambaa polepole, miezi na miezi, hadi ubongoni. Ukali, kusinzia mchana, kukesha usiku. Ugonjwa anaoupima kila siku alikaa nao meza moja, akauita mwanamke mwingine.

Daktari wa wodi alisema dawa imeagizwa. Huenda ikawahi.

"Nisamehe," bibie alimwambia kitandani.

"Umemjua mdudu wangu?"

"Nimemjua. Uwezo wangu umeishia hapo."

"Basi nijibu mimi. Utakubali nikuoe?"

"Pona kwanza, uniulize vizuri."

"Nijibu leo, mpenzi, ningali mimi."

"Ndiyo," bibie alisema. "Ndiyo."

Vidole vya mwanamume vikalegea mkononi mwa bibie. Dada wa mwanamume, aliyesimama kando, akageukia ukutani. Bibie akaendelea kusema ndiyo, mgonjwa keshasinzia.