Kitambaa cha Kinanda

Foleni ya sabuni pale sokoni Masasi ilikuwa imejipinda mara mbili, na katikati yake alisimama Bertila na mzigo mrefu kichwani. Mzigo ulifunikwa kitambaa cheupe, kimetiwa wanga kikakakamaa, pembeni kimedariziwa maua mekundu. Gauni lake la bluu lilijaa vumbi la lori la Newala mpaka kwenye kola. Watu walimkodolea macho. Mwaka ule wa uhaba, ukibeba kitu kimefunikwa, kila mtu anadhani ni sukari.

"Dada, huyo bibi harusi unampeleka wapi?" sauti ikauliza nyuma yake.

Bertila hakugeuka. "Kwa daktari. Wewe ni daktari?"

"Inategemea anaumwa nini."

"Amekuwa bubu. Ukimgusa huku anaimba, ukimgusa huku kimya."

Kijana akatoka kwenye foleni, nafasi ya sabuni ikaenda na maji, akaja kusimama mbele yake. Alikuwa mrefu, suruali ya kaki, bisibisi kaichomeka kwenye mfuko wa shati pale wenzake wanapochomeka kalamu. Bertila aliiona bisibisi kwanza. Macho aliyaona baadaye, na hayo ndiyo yaliyomtia taabuni.

"Naitwa Lucian, kwetu Nanganga. Natengeneza redio pale kwenye baraza ya fundi cherehani. Hicho ni kinanda cha umeme, sivyo?"

Kilikuwa kinanda kweli, cha kwaya ya kanisa kule Newala, cha kutumia betri. Padre mmoja alikiacha aliporudi kwao, na mwalimu Bertila peke yake ndiye aliyejua kukipiga. Wanawake waliovuka Ruvuma kukimbia vita ya Msumbiji walikuwa wakija jioni kukaa nje ya kanisa, wamsikilize tu, hawasemi neno. Sasa vibao vyake vya kubonyeza vilikuwa vimeanza kunyamaza kimoja baada ya kingine. Mzee Yeremia, mwenyekiti wa kwaya, alishatamka kwamba kisipolia chote kufikia Pasaka, kitapelekwa kigango kingine kwa mtu anayejua kukitunza. Kukitunza! Bertila alikilaza chumbani mwake kama mtoto, na hicho kitambaa alikidarizi kwa mkono wake mwenyewe.

Pale barazani Bertila akamwambia jina lake na shule anayofundisha, na Lucian akafungua skrubu, akainua mfuniko wa nyuma. Bertila akainama, kilemba chake kikagusa bega la fundi, na wote wawili wakasahau kusogea. Ndani kulikuwa na ubao wa kijani wenye njia nyembamba za shaba, na juu yake ukanda wa mpira uliojaa vidoa vyeusi, kila kibao na kidoa chake.

"Ukibonyeza," Lucian akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, "kidoa kinashuka, kinaigusa shaba. Ni hivyo tu. Umeme unapita, na kunakuwa na sauti."

"Ni hivyo tu?"

"Mimi nimefungua redio miaka yote, mwalimu, na bado sijazoea. Hakuna mlio wowote humu ndani. Na bado unatoka."

Bertila akapitisha kidole juu ya vidoa bila kuvigusa. Alikuwa amepiga nyimbo kwa kitu hiki siku zote bila kujua kwamba chini ya kila kidole chake kulikuwa na mlango mdogo namna ile, na mwili ukamsisimka. Alitaka kulia, akaona haya.

Halafu Lucian akainua ukanda wa mpira, na uso ukambadilika. Chini yake kulikuwa na unga mweupe ulioshikana, na sisimizi wakavu ndani ya unga. Alitazama unga, akatazama kitambaa, akamtazama Bertila.

"Ni nini?"

"Vumbi," Lucian akajibu haraka mno. "Niachie. Na hicho kitambaa niachie pia."

Bertila alilala kwa shangazi yake, akaamka akapika kisamvu cha karanga, akakifunga vizuri ampelekee fundi wake. Ndiyo, alishamwita wake. Njiani, karibu na hospitali, akaona kitambaa chake kinaning'inia kwenye kamba ya nguo uani kwa mtu. Chini ya kamba alisimama nesi mmoja, kibandiko kifuani kimeandikwa Ethel, gauni jeupe limemkaa kiunoni, viatu vinang'aa.

"Kitambaa kizuri hicho, dada," Bertila akasema.

"Eti eeh? Kaniletea Lucian jana jioni," Ethel akajibu, akicheka.

Bertila hakuuliza zaidi. Kisamvu akampa mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya njia, akapanda lori lililokuwa likiondoka, na kilima chote cha kupanda Newala akawa anatazama mbele asione kitu. Wanaume! Kinanda akakiacha kwa huyo huyo, kwa hasira, na hapo ndipo ujue alivyoumia.

Juma Takatifu likaingia. Mzee Yeremia alipouliza kinanda, Bertila alijibu kiko kwa fundi, akainamisha kichwa. Siku ya Alhamisi Sadallah, karani wa posta, akaja mwenyewe shuleni.

"Mwalimu, unaitwa kwenye simu. Masasi. Mtu wako hataki kukata."

Posta kulikuwa na watu wengi. Bertila akashika mkono wa simu kama anashika kitu cha moto.

"Mpigie nesi wako simu," akasema.

"Nesi gani?"

"Ethel. Uliyempa kitambaa changu."

Kisha Lucian akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyekuwa hajalala siku kadhaa. "Ethel ana bomba la hospitali na ana sabuni, Bertila. Mimi sabuni yangu niliiacha kwenye foleni siku ile. Nilimwomba anifulie."

"Kilikuwa kisafi."

"Kilikuwa na wanga."

"Na wanga una ubaya gani?"

"Wanga wa muhogo, mama yangu. Ulikitia mwingi king'ae, ukawa unapukutika. Ukungu wa huko kwenu ukaugandisha kwenye vidoa, sisimizi wakaja kula. Nilishindwa kukwambia. Nilikuona unavyokitazama kinanda. Ningesemaje kwamba mkono unaokipenda ndio uliokiziba?"

Machozi yakamtoka Bertila mbele ya foleni nzima ya posta, wala hakuyafuta. "Kwa hiyo kimekufa?"

"Nimekuja nacho. Kiko hapa mezani, posta ya Masasi. Pamba, spiriti na subira. Sijui kupiga, usinicheke. Sikiliza."

Akabonyeza. Sauti ikaja kupitia waya, nyembamba, ikitetemeka, imepita Masasi yote na kupanda kilima. Kikafuata kibao cha pili, na cha tatu, kwa mpangilio, polepole. Bertila alivijua vyote. Lucian alipofika kwenye vile vilivyokuwa bubu Bertila akashika pumzi, navyo vikaitika, kimoja kimoja. Akausogeza mkono wa simu mbali na sikio watu wasikie. Sadallah akaacha kugonga mhuri. Mwanamke mmoja wa Msumbiji aliyekuwa amekaa sakafuni akasimama, kiganja mdomoni.

Sauti ya juu kabisa ilipozimika, Lucian akasema, "Vimebaki vidole vyako. Bertila, wazee wangu wa Nanganga wakija kwenu baada ya Pasaka, watapewa maji ya kunywa?"

Maji Newala hayapewi mtu hivi hivi, yanachotwa mbali. Bertila akajua anachoulizwa.

"Nitayachota mwenyewe," akasema. "Na kitambaa kirudi bila wanga."

"Muda wenu umekwisha," opereta akaingilia, sauti ya mwanamke asiyemjua mtu. Waya ukavuma kitambo.

"Masasi," opereta akasema tena, taratibu, "hebu bonyeza ile ya mwisho mara moja tu, ndipo nikate."