Tunaazima Hewa

Bombanyoka lilichomoza ubavuni mwa Kituo cha Shume, likajinyoosha angani peke yake, kichwa kikigeuka huku na huku kutafuta mdomo wa kituo cha jirani. Dunia ilikuwa mbali chini yake. Kimondo kilikuwa kimetoboa tangi la hewa la Shume, na bomba hilo lenye akili ndilo lililobaki kuwa tumaini la watu wote waliomo.

"Limeng'ata!" Mwanaidi akapiga makofi.

Injinia huyu ndiye aliyeunda Kauli, mashine-mkalimani ya kituo. Majirani hawakujua Kiswahili, na watu wa Shume hawakujua lugha ya majirani. Kwa miaka mitano mashine zao ziliwasemea kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula.

Kapteni Mbwambo akasogea. "Kauli, waambie tunaazima hewa."

Kauli ikasema. Mashine ya jirani ikashukuru kwa adabu. Mshale wa kipimo cha hewa ukatikisika, kisha ukaanza kushuka.

"Injinia, mbona unashuka?"

"Subiri kidogo, Kapteni."

Ukashuka zaidi. Kapteni akapaza sauti: "Waambie tunaazima! Tunaazima sana!" Kauli ikarudia, na jirani akazidi kunyonya. Valvu ya bombanyoka humtii anayenyonya tu; Shume hawakuwa na cha kufunga.

Masikio ya Mwanaidi yakaanza kuuma, na hapo akazinduka. Kwao, mwenye mbuzi ya nazi anaazima, na anayeitaka naye anaazima. Mkiwa mlangoni, kila mtu anaona nani kaja mikono mitupu. Kiingereza kimeligawa neno: *lend* ni kutoa, *borrow* ni kuchukua. Kauli haikuona mlango wala mikono. Ilikuwa imewaambia majirani kwamba Shume wanatoa hewa.

Neno lilelile! Darasa la sita Mwanaidi alimwambia mwenzake, "Borrow me your pen." Darasa zima likaangua kicheko, na jina la Borromi likamganda mpaka akamaliza shule. Aibu hiyo ndiyo iliyomfanya aunde Kauli, ili mtu wa kwao asichekwe tena.

Akaizima. Akanyakua kipaza sauti, na kwa hofu maneno yakamchanganyikia kama zamani.

"Borrow me air! Please! Borrow me!"

Ikaja sauti ya mwanamke, sauti ya kwanza ya binadamu kutoka kituo kile.

"Yes, yes! I borrow you! Take, sister, take!"

Naye alikosea vilevile! Mshale ukasimama, ukatetemeka, ukapanda. Kapteni akaketi sakafuni, anacheka huku machozi yanamtoka.

Mwanaidi naye alicheka, kisha roho ikamuuma. Miaka mitano wamepakana, na hajawahi kumjulia hali mama huyu, kwa sababu mashine yake ilikuwa inajua kusema vizuri zaidi.

"Kauli niiwashe?" Kapteni aliuliza.

"Iache kwanza, Kapteni." Akavuta pumzi ndefu, pumzi ya kuazima, akakisogelea tena kipaza sauti.

"Sister," alisema, "your name is who?"