Jetoni Ukutani

Kila asubuhi, mwaka ule wa 1994, Kalumba alisimama kwenye mlango wa karakana ya pampu za mgodi, mjini Kolwezi, Kongo. Yeye ndiye msimamizi. Aliita majina ya wafanyakazi kwa sauti ya kupasua masikio. Aliyeitwa aliitikia, akaingia kazini.

Jina la Ngeleka likifika, kimya. Naye yupo! Amejificha nyuma ya mapipa. Siku nzima alikosea kukaza bolti. Juzi pampu ilianguka, nusura imvunje mwenzake mguu.

Kalumba alikuwa na wasiwasi mkubwa. Kazi zilikuwa zinakufa, na bosi alitaka jina la mtu wa kufukuzwa ifikapo Jumamosi. Ngeleka akifukuzwa, atapoteza na nyumba ya kampuni, pale mtaa wa Dilala. Ana watoto wanne. Kalumba akamwendea Mama Agnès, muuguzi wa karakana.

"Mama, ule mutu eko muvivu. Nimuandike?"

"Tata Kalumba, ulimuuliza kitu gani ilimufikia?"

"Hapana. Mi namugombeza tu."

"Mwaka jana, wakati balifukuza batu ba jimbo la Kasai, balikuya kwake na liste ya majina. Baliita majina kwa nguvu. Ndugu yake akaitika. Balimupeleka ku gare ya treni, akakufa mu njia. Sasa Ngeleka akisikia majina, woga inarudia mu mwili. Haiko buvivu. Usimulazimishe kueleza. Umuulize tu nini itamusaidia."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na bwana msimamizi alikuwa akimtikisia unyasi kila asubuhi! Kalumba aliona haya. Mwaka huo wa kufukuzana, majirani zake wa Kasai walipoitwa, yeye alifunga mlango wake.

Kesho yake alikaa na Ngeleka pembeni, akashusha sauti.

"Ndugu, namuna ya kuita majina inakuumiza. Tufanye namuna gani?"

Ngeleka alitoa jetoni yake mfukoni. "Shefu, kila mutu eko na jetoni. Akifika, atundike mwenyewe ku ukuta."

Jetoni ni kipande cha shaba chenye namba ya mfanyakazi. Siku hiyohiyo walipigilia misumari ukutani. Tangu hapo Ngeleka alitangulia wenzake kufika. Bolti zake zikakazika, na wenzake wakaacha kumwogopa.

Jumamosi bosi akaja. Akainyakua karatasi ya majina ya wafanyakazi, akaanza kuita kwa nguvu: "Kalenga! Mushiya!"

Ngeleka akarudi nyuma, kuelekea mapipa. Kalumba akamwona. Naye alikuwa na kazi ya kupoteza.

Akasogea, akaweka mkono juu ya karatasi.

"Patron, hapa hatuiti tena majina. Angalia ku ukuta. Bote beko. Hakuna wa kufukuza."

Bosi aliguna, akahesabu jetoni, akaondoka bila jina la mtu. Ngeleka akarudi kwenye pampu yake, akashika spana. Safari hii Kalumba hakufunga mlango.