Inyambo Wanakuja

"Kuanzia sasa, saa nane na dakika kumi mchana, basi hili liko chini ya upelelezi wangu!" alitangaza Kashaija wa kidato cha tatu, kifua mbele, punje ya muhindi imemnasa menoni.

Basi la shule lilikuwa limesimama Nyakahanga, likirudi Rubwera kutoka ziara ya siku nne Rwanda. Kamera ya Madamu Joviana ilikuwa imetoweka, na nchi nzima ndani yake: milima ya volkano iliyojifunika mawingu hadi mabegani, mitaa ya zamani ya Huye iliyofagiliwa mpaka ukakosa pa kutupa ganda la ndizi, na nyumba ya mfalme kule Nyanza, msonge uliosukwa kama kikapu. Hata Kashaija, bingwa wa kudharau, aliutazama kimya dakika nzima.

"Gideon," Madamu alimwambia utingo, "mizigo ulipanga wewe. Kamera isipoonekana, kazi yako imeishia hapa."

"Madamu, miaka sita nabeba mabegi yenu. Hata kalamu haijapotea."

Kashaija alisogea. "Kaka Gideon, saa saba na nusu ulikuwa wapi?"

"Juu ya keria, dogo, nakaza kamba. Wewe ndiye uliyebaki ndani, eti tumbo linauma."

"Jibu swali! Nani alikutuma ufiche picha ya ng'ombe wa mfalme na mtu anayening'inia kwenye ua?"

"Mtu gani?" Madamu aliuliza polepole. "Nilipiga picha ya ng'ombe tu. Na picha zenyewe sijazifungua hata mimi. Huyo mtu umemwona wapi?"

"Nili... nilikisia."

"Lete begi."

Kamera ilitolewa ndani ya soksi ambayo mwenye akili zake asingeigusa. Madamu aliiwasha. Pembe ndefu, nyeupe, za kupendeza. Nyuma yake, Kashaija juu ya ua, miguu hewani.

"Nilitaka kuifuta kabla wazazi hawajaiona, nikakosa kitufe," alikiri. "Mwongoza wageni alipaza sauti, 'Inyambo wanakuja!' Mimi Mnyambo, Madamu. Nikajua ni ndugu zetu wa Karagwe, nikatoka mbio kuwapokea. Kumbe ndiyo jina la wale ng'ombe. Kaka Gideon, nisamehe. Ningekuacha ufukuzwe kwa aibu yangu."

"Uliwaamkia?" Gideon aliuliza.

"Shikamoo niliitoa, kaka. Lakini tayari nilikuwa juu ya ua."