Gundi Kichwani mwa Hajati Insafu

Alhamisi, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, Hajati Insafu aliingia chumba cha dharura cha hospitali moja mjini Aleksandria akiwa na unga wa kahawa kichwani. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye stuli akipangusa taa ya sebuleni, na jirani akammwagia kahawa kwenye jeraha ili damu ikome. Damu ilikoma. Foleni nzima ilinukia kahawa.

Binti yake, nesi Nihal, alikuwa zamuni. Daktari alikuwa Shahir, ambaye saa moja jioni hiyo alitarajiwa kuja na wazazi wake kumposa Nihal. Hajati hakuwahi kumwona. Wala hakujua kwamba wawili hao hawasemezani tangu Jumatatu, Shahir alipomnyoa msichana mmoja ili amshone jeraha la kichwa. Nihal alipendekeza wafunge jeraha kwa nywele zenyewe na gundi, bila wembe. "Nesi afunge bendeji," Shahir alijibu mbele ya watu. Tangu hapo alimpigia simu mara kumi na saba. Nihal hakupokea hata moja.

"Ulizimia, mama? Umetapika?" Shahir aliuliza.

"Nizimie na wageni wanakuja?"

Nihal aliosha kahawa. Jeraha lilikuwa na urefu wa sentimita nne, si la kina. Shahir akachukua wembe.

"Weka chini huo wembe! Mkwe akinikuta na kipara atageuzia mlangoni."

"Hatageuza, mama."

"Kwani unamjua?"

Shahir akakohoa.

"Mama, leo hakuna mgeni," Nihal alisema.

"Hakuna? Na bata wangu wawili waliomo jikoni?"

Shahir akauweka wembe chini. "Nesi Nihal," alisema, na kitanda cha sita kilisikia, "Jumatatu nilikosea. Nifundishe."

"Rudia. Bendeji zimeniziba masikio."

"Nilikosea, mwanga wa macho yangu."

"Mwanga wa nini?" Hajati aliuliza.

Nihal alimfundisha: kishungi cha nywele cha upande huu, kishungi cha upande ule, visokote mara moja, usipige fundo, tone la gundi, subiri. Shahir alifunga vitano vizuri. Cha sita kiliganda kwenye glavu yake. Akavuta. Hajati akapiga yowe. Wakati huohuo simu ikalia mfukoni mwa koti jeupe la Shahir. Nihal akaichomoa, akabonyeza spika.

"Shahir! Tuje au tusije? Mama yako amepakata keki ya basbusa kilo mbili tangu saa sita!"

Shahir, kidole kimenasa, alimtazama Nihal. Nihal hakuwa na haraka.

"Njooni, baba," alisema mwishowe. "Ila mwanao huenda akachelewa. Amenaswa na mkwewe."

Hajati akainua macho taratibu. "Kumbe ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Hujaposa, na umeshanivuta nywele!"

Nihal akakata ncha ya glavu kwa mkasi. Kidole kikatoka, ncha ikabaki kichwani. "Usilowanishe kwa siku mbili, mama. Itabanduka yenyewe."

Saa moja na dakika arobaini jioni, sharbati nyekundu, ishara ya posa iliyokubaliwa, iligawiwa sebuleni. Hajati Insafu, ncha ya glavu ikichungulia chini ya mtandio wa zambarau, alipiga kigelegele, akashika kichwa, kisha akapiga cha pili.